Mshiriki wa Kumi

Jumatatu, 3 Februari

Kuanzia leo mimi ni mtafiti. Sikuomba.

Mwalimu wa fizikia (Mwalimu Mita, tunamwita hivyo kwa sababu hupima kila kitu, hata nafasi kati ya madawati) ametangaza kwamba kila mtu wa kidato chetu atafanya utafiti wake mwenyewe. Jumamosi ya tarehe 22 ni maonyesho ukumbini. Wazazi wote wanaalikwa. Kila mtafiti atasimama kwenye ubao wake na kueleza kwa sauti.

Kwa sauti! Mimi, ambaye nikiitwa jina asubuhi huinua mkono kwa sababu "nipo" ni neno refu mno.

Kwanza tupate swali. Si mada, kasema, swali. Tunaruhusiwa kuzungumza na akili mnemba kwenye kompyuta za maktaba ili itusaidie kulitafuta, kwa sharti moja tu: mazungumzo yote na hiyo mashine yachapwe na yabandikwe ubaoni, toka salamu mpaka kwaheri, bila kukata mstari hata mmoja. Anataka kuona fikra zetu zimepita njia gani. Basi namtakia safari njema. Zangu hata mimi zimenipotea.

Spika, ninayekaa naye dawati moja, alishapata swali kabla mwalimu hajamaliza kufuta ubao. Akalitangaza. Madarasa mawili ya jirani nayo yakafaidika.

Jumanne, 4 Februari

Maktaba. Kompyuta sita, watu arobaini, na mkutubi anayetunyamazisha kwa kelele kubwa kuliko zetu.

Mashine nimeipa jina: Mjuaji. Nimeiandikia kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya masomo, na mtu haendi kwenye sayansi na nguo za kulalia. Nikaandika kwamba nataka kutafiti kelele. Basi. Mjuaji akasema hilo ni wazo zuri sana! Akanimwagia maswali kumi. La kwanza: ni kwa kiasi gani uchafuzi wa kelele huathiri ustawi wa jumla wa jamii za mijini katika ulimwengu unaobadilika kwa kasi.

Nimelisoma mara tatu. Swali hili ukilivalisha tai litagombea ubunge.

Nikaomba jingine. Uamuzi mzuri sana! Nikasema silielewi. Hoja nzuri sana! Nimehesabu, nimesifiwa mara kumi na moja ndani ya dakika arobaini. Nyumbani nikiosha vyombo vyote pamoja na sufuria kubwa, naambiwa tu kwamba mwiko bado una mafuta. Najua Mjuaji ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini nimekaa nikapakwa, sikuondoka.

Nimechagua lile la tai. Kwa nini kelele? Sijui, limenijia tu.

(Uongo. Nitaandika siku nyingine.)

Alhamisi, 6 Februari

Leo tumesoma maswali mbele ya darasa. Watu kumi na wawili, nasema kumi na wawili, wana swali moja: ni kwa kiasi gani mitandao ya kijamii huathiri ufaulu wa wanafunzi. Mwalimu Mita hakuwakatisha. Alimwacha kila mmoja asimame, asome, akae. Alipofika wa tano darasa zima lilikuwa linasoma naye. Spika alikuwa wa nane. Alijitia hamnazo, akasoma kama ndiye wa kwanza duniani, na mwishoni akaongeza "wa kike na wa kiume" ili lionekane lake.

Kisha mimi. Nilisomea kola ya shati langu. Mwalimu akasogea hatua moja, ya pili, ya tatu, mwisho akachukua karatasi akanisomea. Mji upi, akauliza. Ustawi upi? Utaupima kwa nini, kwa rula? Watu wakacheka. Mimi nikawa naangalia kiatu changu cha kushoto, ambacho kwa kweli kinahitaji kushonwa.

Halafu akasema, si kwa ukali: "Mashine haijawahi kukaa kwenu. Wewe umekaa. Nenda ukaiambie kitu kimoja ulichokiona kwa macho yako."

Rahisi kwake. Yeye kwao labda kuna rula tu.

Jumamosi, 8 Februari

Sawa. Kitu kimoja nilichokiona.

Sisi nyumbani ni watatu. Mama ni mkunga, anafanya kazi kwa zamu. Anaongea kwa sauti kubwa sana, hata akiomba chumvi utadhani anamwambia mtu asukume. Nimekua nikiamini ni kazi imemharibu. Baba ni fundi wa chuma, karakana ya milango na madirisha. Kazi yake ni grenda, ile mashine ya mkono inayokata na kusaga chuma na kutoa cheche kama imelaaniwa. Miaka kumi na sita sasa. Vizibo vya masikio walipewa siku mgeni fulani alipokuja kupiga picha. Mgeni akaondoka na vizibo vyake.

Asubuhi hii Mama alikuwa kazini. Baba kaweka birika jikoni, lile lenye filimbi, akakaa kwenye kigoda pembeni na gazeti. Mimi chumbani. Birika likaanza kulia. Nikasubiri alizime. Likalia. Nikaanza kukasirika, kwamba hata Jumamosi ni mimi tu! Nikatoka.

Baba alikuwa hatua mbili kutoka kwenye moto. (Mita moja na nusu. Mwalimu ameniharibu.) Birika linapiga mayowe, mvuke unapanda mpaka kwenye dari. Naye anafungua ukurasa wa michezo, taratibu, analamba kidole.

Nikazima. Akainua macho akatabasamu: "Ah, mama, kumbe yamechemka." Ananiita mama kwa kuwa nina jina la mama yake.

Nikasema ndiyo. Akasema sawa sawa.

Baba husema "sawa sawa" kwa kila kitu.

Jumatatu, 10 Februari

Nimemweleza Mjuaji habari ya birika. Nilianza kwa Kiingereza ikatoka kama taarifa ya polisi: kifaa kilitoa sauti, mhusika hakuchukua hatua. Nikafuta. Nikaandika kwa Kiswahili, kama ninavyoandika hapa. Sikujua kama inajua. Inajua! Ina Kiswahili cha mtangazaji wa taarifa ya habari, lakini inajua.

Wazo zuri sana, bila shaka. Ila safari hii hakunipa maswali kumi. Aliniuliza yeye. Ni sauti ya namna gani hasa ambayo haikusikika, nene au nyembamba? Nikafikiri. Nyembamba. Mlango ukibamizwa anageuka. Ni watu gani wengine hukaa kwenye kelele kama hizo? Wenzake wa karakana. Utawalinganisha na nani, wa umri wao, wasiokaa kwenye kelele hizo? Nikaangalia dirishani nusu saa nzima, mkutubi akafikiri nimesinzia. Mafundi cherehani! Wako ng'ambo ya barabara, mkabala na karakana, safu nzima. Utapima kwa kitu gani ulichonacho?

Hapo nikakwama. Lakini swali likapatikana. Naliandika hapa kwa sababu ni langu:

Je, mafundi waliotumia grenda zaidi ya miaka mitano bila kuziba masikio husikia sauti nyembamba kwa shida zaidi kuliko mafundi cherehani wa rika lao?

Halina tai. Lina ovaroli.

Nilimpelekea Mwalimu Mita kwenye karatasi, sikufungua mdomo. Akalisoma amesimama. Akalisoma tena amekaa. Kisha akatoa futi kamba yake mfukoni akaiweka mezani. Kwa mwalimu huyu hayo ni makofi. Akaniwekea kwenye simu programu inayotoa sauti sita, toka nene kama ya ng'ombe mpaka nyembamba kama ya mbu. Simu ikae mita moja kutoka kwenye kiti. Anayesikia anainua mkono. Mita moja, si hatua moja. Nikaondoka na kamba ya mita moja iliyofungwa fundo kila upande.

Nimefurahi. Aibu gani, kufurahia fizikia.

Jumatano, 12 Februari

Karakana, saa ya chakula cha mchana, mashine zote zimezimwa. Msimamizi wao, mtu mrefu mwenye penseli sikioni, aliwapanga mafundi kumi kama wanakwenda kuchanjwa. Akawaambia yeyote atakayemtania mtafiti atafagia. Mtafiti ni mimi. Mtafiti alikuwa amekamata simu kwa mikono miwili isianguke.

Sikuhitaji kusema kitu. Ninabonyeza, wanainua mkono, ninaandika. Kazi nzuri kuliko zote duniani.

Wengi sauti ya tano hawana habari nayo. Ya sita, katika tisa wa kwanza, hakuna hata mmoja. Wao wanaona kichekesho. Bawabu alikuja kutoka getini akataka naye apimwe nje ya orodha. Alipata mbili. Akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa mkataji hodari kuliko wote, akanisimulia mwenyewe: mwaka juzi bati la chuma liliteleza, watu wakampigia kelele atoke, yeye akaendelea kupima. Halikumgusa, likapita hivi, akanionyesha kwa kiganja. Kesho yake akapewa kiti cha getini. Asiyesikia akiitwa hasimami kwenye mashine, ndiyo sheria ya msimamizi, na hata mimi siwezi kusema ni mbaya. Sasa kazi yangu kusalimiana na magari, akasema. Hapo hakucheka.

Baba alikuwa wa kumi. Akavua kofia, akakaa, akaniangalia. Sauti ya kwanza, mkono. Ya pili, mkono. Ya tatu, ya nne, ya tano. Ya sita, ile ya mbu, mkono juu!

Wenzake wakapiga makofi. Msimamizi akasema huyu ana masikio ya sungura. Baba akavaa kofia akiwa amejaa kama puto. Nikaandika sita juu ya sita na moyo wangu mwepesi. Yaani birika lilikuwa gazeti tu, alikuwa amezama kwenye mpira!

Nilifurahi mpaka kona ya barabara. Hapo nikakumbuka macho yake. Wengine tisa walikuwa wanaangalia ukuta, au juu, mmoja alifumba kabisa. Baba alikuwa anaangalia kidole gumba changu.

Alhamisi, 13 Februari

Mafundi cherehani wanasikia. Wote kumi wamefika sauti ya tano, wanne wamefika ya sita. Hongera kwangu, nina jibu.

Nimemuuliza Mjuaji kuhusu "mshiriki mmoja" ambaye huenda aliangalia kidole cha mpimaji. Akaniambia kwa adabu zote kwamba ni dosari ya utaratibu. Washiriki wote wangekaa wakiangalia ukuta, mgongo kwa mpimaji. Nimrudie mshiriki huyo, la sivyo nisitumie matokeo yake. Kisha akauliza, kama anayeuliza saa ngapi: kwa nini swali hili ni muhimu kwako?

Maktaba ilikuwa karibu tupu. Mjuaji hana macho, hana shingo ya kugeuza, hasemi "sema kwa nguvu". Nikamwandikia. Nikaandika yote.

Kwamba mshiriki wa kumi ni baba yangu na hasikii, na amedanganya, na nimeona. Kwamba karakana ikijua atapelekwa getini. Kwamba kila mtu duniani huniambia niongeze sauti, walimu, shangazi zangu, mwenye duka, na mtu mmoja tu hajawahi kuniambia. Nikiongea na Baba hutikisa kichwa, "sawa sawa, mama", na mimi nikajua kwamba yupo mtu mmoja anayenisikia nilivyo. Nimemweleza mambo ambayo sijamweleza yeyote. Jinsi ninavyokula peke yangu. Jinsi nilivyolia kidato cha kwanza. Miaka mitatu, jikoni, yeye kwenye kigoda. Sawa sawa, mama.

Hakuwa anasikia. Mimi sisemi na yeye hasikii, ndiyo maana tumeelewana.

Mjuaji akanishukuru kwa kumshirikisha. Akanipa mapendekezo matatu yenye nukta, la pili likiwa nizungumze na baba yangu waziwazi. Nikamjibu: ushauri mzuri sana! Nikazima.

Sikumrudia mshiriki. Nimeandika: "Mshiriki wa 10, matokeo hayakutumika."

Jumanne, 18 Februari

Mimi ni mjinga. Naandika tarehe ili nisije nikasahau nilianza lini.

Leo tumechapa mazungumzo yetu. Mkutubi ndiye anayebonyeza. Karatasi zikatoka moto moto, kumi na moja, kila moja imeandikwa chini: ukurasa wa 1 kati ya 11, wa 2 kati ya 11. Nikazipokea. Nikafika ya tisa.

Toka salamu mpaka kwaheri, bila kukata mstari. Nilikuwepo alipotangaza! Nimeandika humu humu! Lakini mtu akiongea na kitu kisichomwangalia usoni, anasahau kuna ukuta.

Nikaitoa ya tisa nikaikunja. Mwalimu Mita akazihesabu zilizobaki, mara moja tu, kwa kidole. Moja imebaki kwenye mashine, nini? akauliza. Nikaikunjua. Akainyoosha kwa kiganja kama shati, hakuisoma, akazibana zote kwenye faili langu na kulifungia kabatini mpaka Jumamosi. Hasomi kwanza, anasema. Atasoma ubaoni kama mgeni yeyote, ili asipendelee. Mtu mwadilifu kweli kweli. Laiti angekuwa fisadi kidogo.

Alasiri nilikwenda mlangoni pa ofisi ya walimu. Nilikuwa nimepanga sentensi: naomba ruhusa ya kutobandika ukurasa mmoja, una habari za mtu ambaye hakuniruhusu. Maneno yenyewe si mengi. Nikasimama. Mwalimu Mita akasema karibu. Nikasema "Mwalimu". Akasubiri. Nikasubiri na mimi, kana kwamba kuna mtu wa tatu atakuja kutusemea. Akaangalia mikono yangu mitupu, akafikiri, akafungua droo akanipa kisanduku cha pini.

Nikasema asante. Hilo lilitoka vizuri.

Alhamisi, 20 Februari

Msimamizi anakuja Jumamosi. Baba kamwalika mwenyewe. Anajivunia mtafiti wake, na nadhani anajivunia pia ile sita juu ya sita. Hajui nimeifuta.

Jioni nikamwambia: "Baba, naomba usije Jumamosi. Wala msimamizi asije." Nilisema wazi kabisa, kwa kipimo changu.

"Sawa sawa, mama," akasema. Akaenda kupiga pasi shati la mistari.

Nikamfuata Mama jikoni. Nikamuuliza kama Baba anasikia vizuri. Mama aliacha kisu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu akashusha sauti, na kumbe anayo ya chini, nzuri, ya mtu mwingine.

"Nani kakuambia?"

Nikasema nimepima. Akaangalia mlangoni. Baba alikuwa pale pale sebuleni, tunamwona, anapuliza pasi, na tukaendelea kumsema mbele yake kama samani. Mama anajua mwaka wa kumi sasa. Alijaribu kumpeleka hospitali, akakataa. Hakuogopa daktari, aliogopa cheti. Ndipo Mama akaongeza sauti, kidogo kidogo, mpaka ikakaa huko juu. Nami nilikuwa nawalaumu wajawazito!

"Usimguse kazini kwake," akasema. "Mtu akitolewa kwenye kazi aliyoijua, anaanza kuzeeka siku hiyo."

Nikataka kumwambia kuhusu ukurasa wa tisa. Nikamenya vitunguu.

Jumamosi, 22 Februari

Naandikia ukumbini. Nimeketi nyuma ya meza yangu na daftari, Mwalimu Mita kapita akadhani narekodi data, akanipa ishara ya kidole. Ni mara ya kwanza naandika shajara mbele ya watu. Ni hivi au nizimie.

Ubao wangu ni wa mwisho kabla ya choo. Kushoto yangu Spika, na mitandao ya kijamii yake ya kike na ya kiume. Anaeleza kwa nguvu hivi kwamba wageni wanasikiliza wakiwa kwa mtu wa kwanza. Hivi anafanyaje? Nani alimpa?

Karatasi kumi na moja ziko ukutani. Nilizibandika ya tisa ikiwa chini kabisa, kwenye kona, karibu na sakafu, nikaweka mkoba wangu mbele yake. Mwalimu akapima, akasema safu imepinda. Akazipanga upya mwenyewe. Ya tisa sasa iko katikati, usawa wa macho ya mtu mzima.

Mama yuko zamu. Bawabu hakualikwa. Msimamizi amefika, penseli yake sikioni hata leo. Yuko ubao wa tatu, anaulizwa kuhusu mbegu za maharage, anajibu kwa heshima.

Baba amekuja. Shati la mistari. Alinishika kichwa akaenda moja kwa moja ukutani. Anasoma.

Baba husoma kila kitu mpaka mwisho, hata pakiti ya sabuni. Kidole chini ya mstari. Anaruka Kiingereza, anafika kwenye birika. Mabega yamecheka kidogo. Ukurasa wa sita. Wa saba, kuna mafundi cherehani. Msimamizi yuko ubao wa tano.

Wa nane.

Ningeweza kwenda nikasimama mbele yake. Ningeweza kuangusha ubao, watu huangusha vitu. Nimebaki hapa naandika kwamba ningeweza.

Wa tisa. Kidole kimesimama.

Hakisogei. Simwoni uso, namwona shingo, na ile alama nyeupe aliyochongwa vibaya na kinyozi. Sasa kidole kimeshuka mstari mmoja. Na mwingine. Anausoma taratibu kuliko yote. Yuko wapi sasa? Getini? Kigodani? Kidato cha kwanza?

Msimamizi kamaliza kwa Spika. Amefika kwangu, ananisalimia mtafiti, ananiuliza mbona jedwali lina mafundi tisa, na yule wa masikio ya sungura yuko wapi. Nimefungua mdomo. Umetoka mvuke tu. Ameanza kuangalia ukutani.

Baba amegeuka.

Ameniangalia mimi, si msimamizi. Macho mekundu. Hakusema sawa sawa. Amekuja mpaka kwenye kiti cha wageni, kile alichokiweka Mwalimu Mita kwa ajili ya kujaribu, mita moja kamili kutoka kwenye simu, kinachoangalia ukuta. Amekaa. Mgongo kwangu. Mikono magotini.

"Mshiriki wa kumi," amesema, kwa sauti ya mtu anayeitika jina asubuhi. "Nipime tena, mama. Vizuri."

Msimamizi amechukua hatua moja nyuma, amekunja mikono, anasubiri. Fomu zimekwisha, ninaandika humu.

Sauti ya 1: mkono.

Sauti ya 2: mkono.

Sauti ya 3: nimebonyeza. Mikono iko magotini. Nimeongeza mpaka mwisho. Spika ameacha kuongea. Mwalimu Mita amegeuka kutoka mlangoni, wale wa mbegu za maharage wamegeuka, mtoto mdogo ameziba masikio. Msimamizi ametoa penseli sikioni na hajui aiweke wapi. Inalia. Ukumbi mzima unaisikia.

Baba ameuliza, bila kugeuka, kwa upole, kama mtu asiyetaka kumharakisha mwenzake: "Mbona huendelei, mama?"